Hema Jepesi, Hoja Nyepesi

Kila Mto Tana unapovunja kingo zake, kuna hoja inayorudi pamoja na maji. Husemwa na watu wenye nia njema, aghalabu walio mbali na mto: kwamba dawa ya haraka kwa waliohamishwa na mafuriko ni hema dogo la watu wawili, lile la poliesta lenye umbo la kuba ambalo vijana wa Nairobi hulibeba mgongoni wakienda matembezi. Ni jepesi, wanasema. Mtu asiyefunzwa hulisimamisha kwa muda mfupi. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo fedha za hema moja kubwa la familia zitanunua madogo mengi. Tena ni la kisasa, na familia itakayolipata itaagana na herio, kile kibanda cha fito na mikeka ambacho msafiri akikiona kando ya barabara ya kwenda Garissa hukihesabu kuwa ushahidi wa umaskini.

Hoja hii inapendeza masikioni, na ndiyo maana imedumu. Mimi naipinga, karibu yote.

Nianze na lile dogo linalobaki. Hema la aina hii lina uzito wa kilo mbili hadi nne, na kuna siku ambapo kila kilo ina thamani yake. Aprili 2024, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilipozama upande wa Madogo, watu na mizigo yao walivuka kwa mashua. Tarehe 28 ya mwezi huo mashua moja ilipinduka Kona Punda, na watu wakafa maji. Anayesema kwamba msaada unaopita njia ya namna hiyo unapaswa kuwa mwepesi, hakosei.

Sifa ya pili ni neti, nayo naiona kubwa kuliko wepesi. Mahema mengi ya watu wawili yana tabaka mbili: la ndani lina wavu mwembamba, la juu huzuia mvua. Ukiliondoa la juu unabaki na chandarua kinachojisimamia chenyewe, kina zipu hadi chini na sakafu iliyoshonewa humohumo. Garissa baada ya mafuriko, hilo si jambo la kupuuzwa. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu, ililipuka Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1997 na tena mwishoni mwa 2006, mara zote mbili kufuatia mvua kubwa, ikaua mifugo na watu. Malaria nayo haihitaji El Niño. Nge na nyoka huyakimbia maji kama binadamu, na hukimbilia palepale palipoinuka walipokimbilia binadamu.

Kwa hiyo daktari wa mifugo anayezunguka Ijara akichanja ng'ombe na alinunue. Mhifadhi anayelala porini Ishaqbini akifuatilia swala aina ya hirola, naye alinunue. Wote wawili hulitumia usiku, na asubuhi hulikunja wakaenda zao. Ubishi wangu unaanza saa tatu ya asubuhi hiyo, hema likiwa bado limesimama juani, na ndani yake mna mama na watoto wanne wasio na kwao pa kwenda.

Mji wa Garissa uko kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, mbali na upepo wa pwani. Miezi mingi joto la mchana hupita nyuzi 34, na Februari na Machi hupanda zaidi. Hema dogo la kuba lilibuniwa kwa mahitaji ya mtu wa nchi ya baridi: awe katika nafasi finyu ili joto la mwili wake lisipotee, upepo uzuiwe, umande usimfikie. Hapa mahitaji hayo yamegeuka juu chini. Poliesta nyembamba hailizuii jua. Kitambaa hupata moto, hewa ya ndani hupata moto, na matundu mawili madogo ya juu hayatoshi kuitoa. Kufikia adhuhuri ni sufuria iliyofunikwa.

Mtetezi wa hema ana jibu: ondoa kile kifuniko cha juu. Haya, tumekiondoa. Sasa jua linampiga mtoto moja kwa moja kupitia wavu, na kila apitaye anamwona mama alivyolala. Ile stara iliyotajwa kuwa sababu ya kumpa hema imekwisha. Basi lihamishie chini ya mti, ataniambia. Mti upi? Waliohamishwa hupelekwa palipoinuka na palipo wazi, kwenye uwanja wa shule au tambarare iliyokwanguliwa, na kivuli cha mgunga mmoja kina wenyewe tangu siku ya kwanza.

Usiku ni mbaya zaidi, na hapa ndipo tangazo la dukani linapodanganya bila kusema uongo. Hema halipitishi maji, kweli. Lakini mvua za huku, za Gu mnamo Aprili na Mei na za Deyr kuanzia Oktoba, hunyesha katika usiku wa joto. Mvua ikija sharti ushushe kifuniko na kufunga zipu. Ukishafunga, pumzi za watu hugeuka mvuke, mvuke hugota kwenye kitambaa, na kabla ya alfajiri matone yanawaangukia wenye kuvuta pumzi hizo. Kitambaa kilekile kinachozuia mvua ndicho kinachozuia hewa. Katika baridi ya Mlima Kenya mtu huvumilia, maana ana sababu nyingine ya kujifungia. Kando ya Tana hana hata moja.

Tuje kwenye hesabu, kwa kuwa wapenzi wa hema dogo hupenda kuitaja bei. Miongozo ya Sphere, ambayo mashirika ya misaada duniani huifuata, inataka mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa, mbali na jiko na bafu. Hema la watu wawili kwa kawaida lina kama mita 3. Yaani lililoandikwa "watu wawili" halitoshi kipimo cha mtu mmoja. Wawili hao wa mtengenezaji wamelala chali, bega kwa bega, hawana mtungi wa maji, hawana gunia la unga, wala hakuna mtoto anayejigeuza katikati yao. Familia ya watu sita inastahili mita 21, ambazo ni mahema saba. Hebu nionyesheni tena ule unafuu.

Na hata kama saba yakinunuliwa, mtawagawaje? Mama na mchanga wake katika moja, baba na wavulana katika mengine, sawa. Binti wa miaka kumi na minne mnamlaza peke yake nyuma ya zipu? Hema la familia linalotolewa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambalo nalo nina maneno nalo, angalau lina mita za mraba 16 kwa watu watano na kumbi mbili ndogo mbele na nyuma. Mtu mzima husimama ndani yake akavaa nguo.

Kusimama kwenyewe si anasa. Kimo cha hema dogo ni kama mita moja na robo pale kilele kilipo, na asilimia kubwa ya watu wa kaunti hii huswali mara tano kwa siku. Katika kimo hicho hakuna kisimamo wala rukuu. Wanaume watakwenda msikitini au watatandika jamvi nje. Wanawake wanaotaka kuswali ndani hawana pa kuswalia. Bibi mwenye magoti mabovu anaingia kwake kwa kutambaa, na anatoka kwa kutambaa mbele ya wakwe. Natamani kila anayeandika orodha ya vifaa vya msaada alazimishwe kwanza kubadilisha nguo zake zote akiwa amelala chali, kisha ndipo atie sahihi.

Halafu kuna suala la kuharibika, ambalo halionekani siku ya kupiga picha. Mchanga wa Garissa ni laini na huingia katika meno ya zipu. Zipu ndiyo hufa kwanza, na ikishakufa, mbu wanaingia na ile sifa kubwa niliyoikubali hapo juu inazikwa. Vigingi vyembamba vya waya havishiki mchangani. Kuanzia Juni upepo wa kusini unavuma siku nzima, na fito za faibaglasi zikipinda kupita kiasi hupasuka kwa urefu na kuchoma mikono ya anayejaribu kuziunga. Sakafu ni karatasi tu mbele ya mwiba wa mti wa mathenge, ambao madereva wa malori ya Wajir na Mandera wanaujua kwa kutobolewa matairi. Jua nalo hulila kitambaa kimyakimya hadi siku kinapochanika kwa kuguswa. Fundi wa cherehani sokoni ataweza kubadilisha zipu akiwa na saizi yake. Ufito uliopasuka utaupata wapi? Mtu aliyepoteza shamba na mbuzi hapaswi kumiliki nyumba ambayo vipuri vyake viko nje ya nchi.

Sasa tuitazame herio, inayodharauliwa bila kuangaliwa.

Fito ndefu hupindwa zikiwa mbichi, huchomekwa ardhini kwa duara na kufungwa kwa kamba za magome. Juu yake hutandazwa mikeka minene iliyofumwa na wanawake, kazi ya miezi. Mikeka hiyo ikikauka huacha hewa ipite kati ya nyuzi. Ikilowa, nyuzi hujaa na kubanana, maji yakateleza nje. Mchana sehemu ya chini hukunjwa upande unaotoka upepo, na kivuli kinabaki. Ufito ukivunjika, mwingine hukatwa kichakani. Ndani kuna upande wa kulala na upande wa vyombo. Na siku ya kuhama, mikeka ileile huwa tandiko la mgongo wa ngamia, fito zilezile huwa fremu ya kubebea mzigo, na jioni vyote huteremshwa vikawa nyumba tena. Mtaalamu wa usanifu wa majengo Labelle Prussin aliwahi kuandika kitabu kizima, kilichotoka 1995, kuhusu nyumba za wahamaji wa Afrika, wakiwamo wa kaskazini mwa Kenya. Alionyesha kuwa wasanifu na wajenzi wa nyumba hizi ni wanawake, na kwamba nyumba huzaliwa na ndoa.

Ukitaka makazi yanayobebeka, basi, wanawake wa Kaskazini Mashariki walikuwa wamekwisha kuyapata kabla poliesta haijabuniwa. Na mwenye nyumba ndiye aliyeijenga, hivyo anajua kila fundo lake.

Mbona basi herio za kando ya barabara zinatia huruma? Kwa sababu nyingi zimekosa mikeka. Ukame ukiua ngamia na mbuzi, familia husogea mjini. Fito wanazipata, mikeka hawana, na mahali pake huwekwa katoni, magunia na matambara. Msafiri anapita kwa kasi, anaona matambara, anasema herio ni nyumba ya kimaskini. Umaskini ameuona, ila amekosea kujua ni kitu gani kilicho maskini. Dharau hii ina historia pia. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyohesabiwa kuwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha, na nyanda kavu zikaachwa zisubiri. Wakati wa vita vya Shifta, wafugaji wa mkoa huu walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari. Serikali inayomwona mhamaji kuwa tatizo haiwezi kuiona nyumba yake kuwa jibu, na raia waliosoma katika shule za serikali hiyo wameyarithi macho yake.

Siisifu kwa upofu. Herio huungua, na ikiungua huteketea upesi. Mikeka huchukua miezi kufumwa, na mafuriko hayangoji. Ipo pia hoja nzito kuliko zote upande wa pili, ile ya miti. Pembezoni mwa kambi za wakimbizi za Dadaab ardhi ilikwanguliwa kwa ajili ya kuni na fito, na wanawake waliokwenda mbali kuzitafuta walishambuliwa na kubakwa, jambo lililoifanya UNHCR ianze kugawa kuni mwaka 1998. Anayesema kila familia ijenge herio bila kuuliza fito zitatoka wapi anawarudisha wanawake hao vichakani. Lakini nani kasema lazima zikatwe vichakani na mama peke yake? Kando ya Tana mathenge umefunga njia, umemeza malisho, kila baraza la wazee linaulalamikia. Watu tayari wanautumia kwa nguzo na nyua. Malori yanayoleta mahema yangeweza kuleta fito zake zimekatwa, tena ukawa mmea pekee ambao hakuna atakayeulilia.

Hoja nyingine naipokea kwa mikono miwili: si kila mtu wa Garissa anajua herio. Wanaofikiwa na mafuriko kwanza ni wakaao karibu na maji, katika mitaa ya chini kama Ziwani na Bakuyu na mashamba ya ukingoni. Wamo Wamunyoyaya na Wamalakote, wakulima wa mto ambao nyumba zao ni za udongo, na wamo Wasomali wa mjini ambao bibi zao ndio waliofuma mikeka mara ya mwisho. Kumwambia mwanafunzi wa chuo ajenge herio ni mzaha. Ila angalieni hoja hiyo inatupeleka wapi. Inasema familia tofauti zinajua kujenga vitu tofauti, na hivyo wote wapewe kitu kimoja kisichojulikana na yeyote. Turubai la msaada la mita 4 kwa 5 lina mita za mraba 20. Mfugaji ataliweka juu ya fito za herio badala ya mikeka aliyoipoteza, mkulima ataliezeka juu ya nguzo nne na kukandika udongo taratibu, na wa mjini atalifunga ukutani mwa nyumba ya shangazi. Turubai linamfuata mtu. Hema la kuba linamlazimisha amfuate aliyelishona.

Hapo nimefika kwenye kiini, na inabidi twende Dadaab, kilomita mia moja hivi kutoka mjini Garissa. Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, zote tatu zikipangiwa watu 90,000. Mwaka 2011 wakazi walipita 400,000. Hema la familia la UNHCR hutengenezwa lidumu angalau mwaka mmoja, na kambi imepita miaka thelathini. Wakimbizi wenyewe ndio walioiziba tofauti hiyo, kwa fito, matope, bati na mabati ya makopo ya mafuta yaliyonyooshwa. Kambi ya Ifo 2 ilipokuwa ikijengwa, zilianza kusimamishwa nyumba za matofali ya udongo yaliyoshikamanishwa, imara na za baridi ndani. Serikali ya Kenya ikazizuia, kwa kuwa zilionekana za kudumu mno.

Kwa maneno mengine, udhaifu wa hema ndio uliolifanya likubalike. Linamwambia aliyemo kuwa ataondoka, na linamwambia aliye nje kuwa hana haja ya kupanga kitu. Ndivyo lilivyo pia kwa mafuriko ya mjini. Maji yalipanda 1997, yakapanda 2018, yakapanda Novemba 2023, yakapanda tena miezi mitano baadaye. Bwawa la Masinga likijaa na mabwawa yaliyo chini yake yakijaa, maji yatashuka Garissa; hilo linajulikana siku kadhaa kabla. Kugawa mahema kila mara kunamwezesha kila mhusika kulichukulia tukio linalojirudia kana kwamba ni ajali, na swali la ardhi iliyoinuka, yenye hati, ya kuwahamishia watu wa bondeni likaahirishwa hadi mvua ijayo. Utasema herio nayo huhama. Huhama mwenyewe akitaka. Hema la msaada huhama aliyeligawa akitaka.

Kuna na jambo ambalo watu huuma ulimi wasiliseme. Hema lina zabuni. Lina vipimo, ankara, stoo, dereva, na mahali pa kuchapa nembo itakayoonekana katika picha. Mkeka uliofumwa na mama wa Balambala hauna risiti. Simtuhumu mtu wizi. Nasema tu kwamba ofisi hununua kinachonunulika kiofisi, kisha baadaye hutafuta sababu za kukiita bora.

Dawa si ngumu, na sehemu yake ipo tayari. Wajir na Mandera, mpango wa serikali wa kuzikinga kaya na njaa, HSNP, umezizoeza kaya maelfu kupokea fedha taslimu, na M-Pesa inafika hata mahali ambapo lori limekwama. Mpeni aliyehamishwa turubai, kamba, vyandarua vya kutosha vitanda vyake, na fedha za fito, udongo au mikeka, kisha mwacheni ajenge anachokijua. Wanawake wanaofuma walipwe kufuma kati ya Januari na Machi, wakati wa kiangazi cha Jilaal, mikeka ikae ghalani mjini ikisubiri Gu kama mahindi ya akiba yanavyosubiri njaa. Mahema makubwa ya familia yawepo kwa wiki za kwanza, kwa wagonjwa, wazazi na wazee.

Na yule wa Nairobi aliyekwisha kununua hema lake la watu wawili kwa moyo safi, akitaka kulituma Garissa, namshauri alitunze. Atume thamani yake kwa simu, na hema aende nalo Naivasha mwezi wa saba, ambako usiku kuna baridi na mtu hujifunga zipu kwa hiari yake.